Kuunda Mfano wa Jahazi la Lamu: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Kila Sehemu kwa Mkono

Mifano mingi ya vyombo inayouzwa katika maduka ya kumbukumbu za pwani huchongwa kutoka gogo moja, kisha hupakwa rangi, huwekewa kijiti cha mlingoti na kipande cha kitambaa, na ikitazamwa kwa mbali hupendeza. Mwongozo huu unahusu kazi ya namna nyingine kabisa. Hapa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, utachongwa kama mkuku, kila ubao utapindwa na kufungwa mahali pake, mataruma, yaani mbavu za ndani, yatakatwa moja moja, makapi ya kupitishia kamba yatatobolewa, na hata kamba zitasokotwa nyumbani, ili mtu anayejua vyombo akiinama na kuchungulia ndani aone kitu ambacho fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kisiwani Lamu, angekitambua. Msomaji anahitaji ujuzi wa wastani wa useremala, meza imara yenye mwanga mzuri, na subira, kwa kuwa kazi hii humalizika kwa miezi na si kwa wiki.

Kuchagua chombo na kipimo

Nimechagua jahazi kwa sababu bado lipo majini na linaweza kupimwa. Mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari, huwavutia wengi, lakini si chombo cha kuanzia. Mshono wake unadai matundu mengi mno kwenye kingo za mbao nyembamba, na ubao mmoja ukipasuka baada ya kushonwa, jirani zake wote hufumuliwa. Ngalawa nayo ni rahisi mno kwa lengo letu, kwa kuwa mwili wake ni gogo lililochongwa. Jahazi liko katikati: lina umbo la kumfunza mtu kazi, na sehemu zake ni kubwa kiasi cha kushikika.

Amua mapema ni jahazi la wapi. Omo (ncha ya mbele) ya jahazi la Lamu husimama wima, ilhali ile ya jahazi la Unguja huinama kwenda mbele, na tofauti hiyo moja hubadilisha mchoro mzima, namna mbao zinavyopindwa, na hata sura ya chombo kikiwa rafuni. Anayechanganya omo ya Lamu na mapambo ya Unguja hutengeneza chombo kisicho na bandari.

Kipimo ninachopendekeza ni 1:25, maana yake mita 1 ya chombo halisi ni sentimita 4 za mfano, na sentimita 1 ni milimita 0.4. Jahazi la urefu wa mita 15 na upana wa mita 5 litakuwa mfano wa sentimita 60 kwa 20, ambao unaenea mezani. Kwa kipimo hicho ubao wa unene wa sentimita 4 huwa milimita 1.6, na taruma la sentimita 10 huwa milimita 4. Ukiupunguza mfano hadi 1:50, unene wa ubao unakuwa milimita 0.8, na hapo mbao huanza kupasuka mkononi na makapi hayatoboleki kwa zana za kawaida. Vipimo vyote vinavyofuata vinahusu jahazi hilo la mita 15, na wewe utavibadilisha kulingana na chombo utakachokipima.

Kupima chombo kilichopwelewa

Mafundi wa pwani huunda kwa jicho bila mchoro wa karatasi, na jicho hilo limefunzwa tangu utotoni. Sisi tusio nalo tutalifidia kwa vipimo. Nenda wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na vyombo vinapopwelewa mchangani ili vipakwe deheni na kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa kwa pamba, umwombe nahodha au mwenye chombo ruhusa kabla hujatoa tepu mfukoni. Aghalabu atakubali, na mara nyingi atakusahihisha majina ya sehemu bila kuulizwa.

Chukua tepu ya mita 20, timazi, fito mbili zilizonyooka za urefu wa mita 3 zilizotiwa alama kila sentimita 25, kamba nyembamba, na mtu wa kukusaidia. Vuta kamba sambamba na mkuku kutoka omo hadi tezi (ncha ya nyuma), uitie alama kila mita 1. Kwenye kila alama simamisha ufito mmoja wima, ukiuhakikisha kwa timazi, kwa umbali usiobadilika kutoka mstari wa katikati ya mkuku, tuseme mita 3. Kisha, kwa kila sentimita 25 za kimo, pima kwa ufito wa pili uliolazwa umbali kutoka ufito wa wima hadi kwenye ubao wa chombo. Ukiondoa umbali huo kutoka mita 3 unapata nusu ya upana wa chombo mahali hapo na kwa kimo hicho. Ikiwa chombo kimeegemea ubavu mmoja, kama ilivyo kawaida, mkuku wenyewe umeinama. Tafuta basi chombo kilichotegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kukisimamisha, pande zote mbili, la sivyo hesabu zako zote zitapinda pamoja nacho.

Upande mmoja unatosha, kwa sababu mfano utafanywa sawa pande zote ijapokuwa chombo halisi mara nyingi hakiko sawa kabisa. Pima pia urefu wa mkuku, mwinamo wa fashini ya tezi (fashini ni mti unaosimama kwenye ncha ya mkuku), unene na upana wa mbao, umbali kati ya mataruma, mahali mlingoti unaposimama na kiasi unavyoinama kuelekea omo, urefu wa foromali (mti unaobeba tanga), na upana wa usukani. Piga picha nyingi za karibu, hasa pale mbao zinapokutana na fashini, maana ndipo kumbukumbu hudanganya zaidi.

Mchoro

Chora sura tatu kwa kipimo cha 1:25: chombo kikitazamwa ubavuni, kikitazamwa juu, na mikato ya upana katika kila mita uliyopima. Nukta zako hazitakaa kwenye mistari laini mara ya kwanza. Chukua ufito mwembamba wa mbao usio na fundo, uushikize kwa pini juu ya nukta za mstari mmoja, kisha tazama kwa jicho lililoshushwa karibu na karatasi. Pale ufito unapokataa kupita, pana nukta iliyopimwa vibaya. Isogeze nukta, usilazimishe ufito. Badiliko lolote katika sura moja lazima lihamishiwe kwenye nyingine mbili, na shughuli hii ya kupatanisha sura tatu huchosha kuliko yote yaliyo mezani, ila kosa la milimita 2 kwenye karatasi likiachwa litaonekana kama donge kwenye ubavu uliokamilika.

Mikato ya upana ikishapatana, punguza milimita 1.6 kuzunguka kila mkato. Ulipima nje ya ubao, na kalibu utakazokata, yaani violezo vya plaiwudi vyenye umbo la kila mkato, zitakaa ndani ya ubao. Wanaosahau hatua hii hupata chombo kinene kuliko mchoro na fashini isiyokutana na mbao zake.

Mbao na zana

Chombo halisi hujengwa kwa miti mikubwa kama mbambakofi, mvule au mwembe, lakini mti unaofaa chombo cha mita 15 si lazima ufae mfano, kwa sababu vinyweleo na nyuzi zake havipungui pamoja na kipimo. Mvule wenye nyuzi pana huonekana, kwenye ubao wa milimita 8, kana kwamba chombo kimejengwa kwa miti ya majitu. Kwa mbao za ubavu tafuta mti wenye nyuzi za karibu karibu: mfenesi una rangi ya manjano inayokolea vizuri kwa mafuta, na mwembe uliochaguliwa vema unafaa pia. Kwa makapi, fashini na vitu vidogo hakuna mti ulio rahisi kupatikana unaoushinda mlimau au mndimu, ambao ni mgumu, haumeguki kwenye kingo, na hukubali tundu la nusu milimita bila kupasuka. Mpera ni mgumu wa kuvunjika na hufaa mataruma. Kusanya pia matawi yaliyopinda ya miti hiyo wakati watu wanapopogoa, uyapake nta kwenye ncha ili yasipasuke, na uyahifadhi kivulini yakauke taratibu.

Zana zenyewe ni chache: msumeno wa meno madogo, randa ndogo, patasi tatu za upana wa milimita 3, 6 na 12, tupa za ukubwa mbalimbali, jiriwa, keke ndogo ya mkono yenye biti za milimita 0.5 hadi 2, wembe, msasa namba 120, 240 na 400, rula ya chuma na venia. Ongeza vibanio vya nguo vingi kadiri utakavyopata. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha pua na ngozi, hivyo vaa barakoa unapopiga msasa.

Mwombe seremala mwenye msumeno wa mezani akupasulie mbao za unene wa milimita 3. Kuzifikisha milimita 1.6 ni kazi yako. Bandika juu ya ubao ulionyooka vipande viwili vya chuma cha unene wa milimita 1.6, viachane kwa zaidi kidogo ya upana wa mbao zako lakini visizidi upana wa randa, ulaze ubao katikati yake na kuuzuia mbele kwa kigingi kifupi, kisha piga randa hadi pande zake mbili zitakapopanda juu ya vyuma na kuacha kula. Kila ubao utatoka na unene uleule.

Mkuku na fashini

Chonga mkuku wa urefu wa sentimita 44, kimo cha milimita 8 na unene wa milimita 6. Fashini ya omo na fashini ya tezi ziungwe na mkuku kwa kiungo cha mshazari chenye urefu wa sentimita 2, kitiwe gundi nyeupe ya mbao na kupigiliwa vijiti viwili vya mwanzi. Usiviunge kwa kugusanisha ncha tu. Kiungo hicho ndicho kitakachobeba nguvu ya mbao zote zinapopindwa kuelekea omo.

Kabla ya kuunga, kata mfuo pande zote mbili za mkuku na za fashini, yaani mtaro wenye umbo la pembe ambamo kingo na ncha za mbao zitakaa. Katikati ya chombo, ambapo ubavu huondoka mkukuni karibu ukiwa umelala, mfuo huo huwa wazi, na kadiri unavyokaribia omo na tezi ndivyo ubao unavyosimama na pembe ya mfuo inavyobadilika. Njia ya uhakika ni kukata kipande cha ubao wa milimita 1.6, kukiegemeza kwenye kalibu ya mahali husika (kalibu hukatwa kama sehemu inayofuata inavyoeleza), na kuchimba mfuo kwa patasi hadi kipande kikae bila mwanya. Fanya hivyo kwenye kila kalibu, kisha uunganishe vipande hivyo vya mfuo kwa mstari laini.

Kalibu na mbao za ubavu

Kata kalibu kutoka plaiwudi ya milimita 3 au zaidi, moja kwa kila mita uliyopima, na uziachie miguu ili zisimame kichwa chini juu ya ubao wa kujengea, zote zikirejea mstari mmoja wa chini. Tunza mabaki ya plaiwudi yaliyobaki nje ya kila mkato, yaandike namba, kwani ndiyo yatakayokuwa kitanda cha chombo baadaye. Simamisha kalibu kila sentimita 4, hakikisha kwa uzi kwamba katikati zake zote ziko kwenye mstari mmoja, funika kingo zake kwa utepe wa nailoni ili gundi isishike, kisha weka mkuku na fashini zake juu, kwenye nafasi zilizokatwa katikati ya kila kalibu. Sasa unaona umbo la chombo kwa mara ya kwanza. Pitisha ufito tena juu ya kalibu kutoka omo hadi tezi, uchonge kingo zake mpaka ufito uguse kila moja kwa upana wake wote.

Ndipo kazi kubwa inapoanza. Mbao haziwezi kuwa na upana mmoja tangu omo hadi tezi, kwa sababu mzunguko wa ubavu katikati ya chombo ni mrefu kuliko mzunguko wake kwenye ncha. Tuseme katikati, kutoka mfuo hadi ukingo wa juu, pana sentimita 16, na kwenye omo pana sentimita 10. Kwa mbao 20 kila upande, ubao mmoja utakuwa na milimita 8 katikati na milimita 5 kwenye omo. Kugawanya kila kalibu bila kuhesabu, chora kwenye karatasi mistari 21 sambamba iliyoachana kwa milimita 4. Zungusha utepe wa karatasi juu ya kalibu kutoka mfuo hadi ukingo, uukate kwa urefu huo, kisha uulaze kwa mshazari juu ya mistari hadi ncha moja iguse mstari wa kwanza na nyingine iguse wa mwisho. Kila mahali mstari unapoukata utepe, tia alama. Rudisha utepe kwenye kalibu na uhamishe alama zote. Njia hii hukubali urefu wowote kati ya sentimita 8 na 16, na ikiwa katikati ya chombo chako pamezidi hapo, iachanishe mistari kidogo zaidi.

Anza na ubao unaokaa kwenye mfuo wa mkuku, kisha ubao wa ukingo wa juu, halafu endelea kwa zamu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, gundi inapokauka huuvuta mkuku, na chombo kilichopinda mkuku hakinyooki tena. Kila ubao upate sura yake kutoka kwenye nafasi yake: bandika karatasi ngumu kando ya ubao uliotangulia bila kuilazimisha kupinda upande, piga mstari kufuata ukingo wa ubao huo, pima upana kutoka kwenye alama za kila kalibu, na ukate. Utashangaa kuona kwamba ubao unaoonekana umenyooka chomboni, ukilazwa mezani, una umbo la upinde. Anayechukua utepe ulionyooka na kuulazimisha kulala hupata ubao ulioinua ukingo mmoja, na hakuna msasa unaotibu hilo.

Kwa kuwa omo ya Lamu imesimama wima, mbao hujipinda kwa ghafla katika sentimita 8 za mwisho. Loweka ncha kwenye maji ya moto kwa dakika 20, kisha ipinde polepole juu ya bomba la chuma lililopashwa moto, upande wa ndani ukigusa chuma. Utasikia mvuke ukitoka kwenye nyuzi na mkono utahisi ubao ukilegea ghafla. Hapo hapo acha kusukuma, uushike hivyo hadi upoe. Ufunge kwenye kalibu kwa vibanio bila gundi hadi kesho yake, kwa sababu mti ulioloa hupungua unapokauka, na ukiubandika ungali na maji utaona nyufa kati ya mbao baada ya wiki.

Kabla ya kuubandika, sugua penseli laini kwenye ukingo mmoja wa kila ubao. Gundi itaufunga mstari huo mweusi kati ya mbao mbili, na jicho litauona kama pamba iliyokalafatiwa. Usitumie supaglu ubavuni, kwa sababu huingia kwenye nyuzi, na mafuta yakipakwa baadaye mahali hapo hubaki na doa jeupe. Mbao halisi hazifiki urefu wa chombo kizima. Zikate basi vipande vya sentimita 20 hadi 24, maungio yaangukie mahali patakapokuwa na taruma, na kwenye taruma moja pasiwe na maungio mawili ambayo hayajatenganishwa na angalau mbao tatu nzima.

Ubao wa shetri, yaani ule unaofunga tezi, ukatwe kwa unene wa milimita 3 na uunganishwe kwenye fashini kabla mbao hazijafika huko, kwani ncha za mbao zitaukalia kwa ukingo. Mapambo yake ya kuchongwa huachwa mpaka mwisho, ila yachore mapema kwa penseli.

Mataruma

Chombo kikiwa bado juu ya kalibu, kipige msasa namba 120 na 240 kwa kufuata nyuzi. Kata mabaki ya plaiwudi uliyoyatunza yawe kitanda, ukikumbuka kuyapanua kwa milimita 1.6 za unene wa ubao, kisha inua chombo na ukilaze humo. Kitakuwa chepesi na kitataka kufunguka kwenye kingo, kwa hiyo kifunge kwa uzi katikati.

Fundi wa kweli hutafuta tawi lililopinda lenyewe kama ubavu unavyopinda, ili nyuzi zifuate umbo na taruma lisivunjike. Matawi uliyoyakausha yatakufanyia kazi hiyohiyo. Yapasue kwa urefu kuwa vipande vya unene wa milimita 4, uweke juu yake kiolezo cha karatasi ulichokikata ndani ya chombo, na ukizungushe mpaka mpindo wa nyuzi na mpindo wa kiolezo viende pamoja. Kila taruma ni vipande vitatu: kimoja kinachovuka mkuku, na mikono miwili inayopanda ubavuni ikilala kando ya kile cha chini kwa urefu wa sentimita 2. Yaweke kila milimita 16 kutoka katikati hadi katikati, upate takriban mataruma 32. Jahazi liko wazi katikati, kila kitu ndani kinaonekana, hivyo kata kidogo, jaribu, paka chaki kwenye ubavu, bonyeza taruma, uone mahali lilipochukua chaki, na uchonge hapo tu.

Vijiti vya kupigilia vitoke kwenye mwanzi. Upasue uwe njiti, kisha uvute njiti kwa koleo kupitia matundu ya bamba la chuma yanayopungua: milimita 1.5, 1.2, 1.0 na 0.8. Jahazi halisi hufungwa kwa misumari ya chuma. Ili vijiti vionekane kama vichwa vya misumari, vichemshe kwenye chai ya rangi iliyokolea, vikaushe, halafu uvichovye kwenye siki ambamo nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zimekaa siku kadhaa. Vitakuwa vyeusi papo hapo, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka kwenye siki hushikana na ukali wa chai. Vijiti viwili kwa kila ubao katika kila taruma ni takriban 2,500 kwa chombo kizima. Anayeona hesabu hiyo ni ndefu apigilie taruma moja na kuruka moja, na hakuna atakayemlaumu isipokuwa fundi mwenzake.

Ndani ya chombo

Juu ya mataruma, sambamba na mkuku, laza mwashiri wa upana wa milimita 10 na unene wa milimita 5, ukate ndani yake tundu la mraba litakalopokea mguu wa mlingoti. Mwashiri ukae imara, kwani kamba zote zikikazwa huukandamiza mlingoti chini. Kisha pitisha darumeti, yaani boriti za kukingama, kutoka ubavu hadi ubavu, zile za omo na tezi zikibeba sitaha fupi, na zile za katikati zikiacha wazi nafasi ya shehena. Boriti inayoushikilia mlingoti iwe nene kuliko nyingine. Sitaha zenyewe ni kazi nyepesi baada ya ubavu: mbao zilizonyooka za upana wa milimita 6, penseli kwenye ukingo mmoja, basi.

Rangi na mafuta

Fanya kazi hii kabla ya kuweka kamba. Chini ya mstari wa maji jahazi hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, na mfano unaweza kupata sura hiyo kwa chokaa laini iliyochekechwa ikachanganywa na gundi nyeupe iliyozimuliwa. Paka kwa brashi ngumu, bila kuupendezesha ukingo, kwa sababu deheni halisi haipakwi kwa rula. Juu ya mstari huo paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, uyaache dakika 15, ufute yaliyozidi, na urudie baada ya kukauka. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke. Vikikunjwa na kutupwa pamoja hupata moto vyenyewe na kuwaka, na karakana nyingi za useremala zimeteketea kwa njia hiyo.

Macho ya chombo, yale mabamba ya duara yanayokaa pande mbili za omo, yachongwe kutoka mlimau kwa kipenyo cha milimita 10, yapakwe rangi nyeupe, na mwezi na nyota vichorwe kwa brashi ya nywele chache. Makuti yanayofungwa juu ya kingo kuzuia rasharasha za mawimbi yasukwe kwa ukindu uliochanwa hadi upana wa milimita 1.

Usukani, mlingoti, foromali na makapi

Usukani ni mbao tatu zilizounganishwa kwa kingo, zenye unene wa milimita 3, ukining'inia kwenye fashini ya tezi kwa bawaba za bati la shaba zilizokunjwa kuzunguka sindano. Kana yake, yaani mkono wa kuugeuzia, iingie kwenye kichwa cha usukani kwa tundu, si kwa gundi tu.

Mlingoti wa sentimita 48 huanza kama kijiti cha mraba cha milimita 12. Kipunguze kwa randa kuelekea juu hadi milimita 8 kingali mraba, halafu kata pembe nne kiwe na pande 8, kisha 16, na mwisho msasa. Anayeanza kukiviringisha tangu mwanzo hupata mlingoti wenye tumbo. Foromali ya jahazi ni ndefu kama chombo chenyewe au zaidi, na huundwa kwa miti miwili au mitatu iliyofungwa pamoja. Kwa mfano wetu foromali iwe ya sentimita 64: chonga vijiti viwili vinavyochongoka, vipishane katikati kwa theluthi ya urefu, na uvifunge kwa uzi mahali sita.

Makapi hutengenezwa kwa mfululizo. Chukua utepe wa mlimau wa milimita 6 kwa 4, tia alama kila milimita 8, toboa matundu ya kamba, piga mtaro wa kuzunguka kwa tupa ya duara, viringisha pembe, na kata kila kapi mwisho kabisa, likiwa tayari. Kapi lililokatwa kwanza halishikiki. Gofia, lile kubwa linaloning'inia kwenye henza (kamba ya kupandishia foromali), litatoka kwenye utepe mnene zaidi.

Kamba na tanga

Uzi wa dukani unang'aa na una vinyweleo, na kwa kipimo hiki huonekana kuwa uzi. Funga nyuzi tatu za pamba kwenye ndoano ya keke, ncha za pili kwenye msumari ukutani, na uzungushe kila uzi peke yake kufuata msokoto wake wa asili mpaka ujikunje. Kisha ziunganishe zote kwenye ndoano moja na uzungushe kinyume. Kamba itafupika, kwa hiyo anza na urefu unaozidi kwa theluthi moja. Ipitishe kwenye nta ya nyuki na chai kupata rangi ya kamba ya makumbi. Henza iwe ya milimita 1.6, demani (kamba ya kuvutia tanga) ya milimita 1, na nyingine milimita 0.8.

Tanga likatwe kwa bafta laini iliyofuliwa. Chombo halisi hushona tanga kwa vipande virefu, hivyo piga mishono ya penseli na uzi mwembamba kila milimita 24, sambamba na ukingo wa nyuma. Shona dasi, yaani kamba ya ukingo, kuzunguka tanga zima kwa mishono midogo inayoshika kamba bila kuitoboa. Lifunge kwenye foromali kwa vifundo vilivyoachana kwa milimita 24, kisha lipige wanga mwepesi na ulikaushe mbele ya feni likiwa limelegezwa, ili lishike tumbo la upepo.

Pandisha foromali kwa henza inayopita juu ya mlingoti na kushuka hadi kwenye gofia, nayo jarari, kamba ya kukazia henza, ikikaza kutoka gofia hadi kapi la chini sitahani. Kamba za kuushikilia mlingoti zifungwe upande unaotoka upepo, kinyume cha upande lilipo tanga, kama mabaharia wanavyozihamisha wanapobisha, yaani wanapogeuza chombo kwenda dhidi ya upepo. Ukizifunga sawasawa pande zote mbili, tanga litazigusa na mwenye kujua atacheka. Mwisho funga demani kwenye tezi, lakini usikate mkia wake wala usiutie gundi: uviringe sitahani, kwa sababu pamba hulegea na kukaza kadiri unyevu unavyobadilika, na masika yakiingia utahitaji kuikaza upya.